Stelingi, Adui na Watu wa Benchi

Mwaka 1935 lori lenye mashine ya sinema liliondoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kwenda kuonyesha filamu vijijini Afrika Mashariki. Ulikuwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja Notcutt. Picha zilihusu kilimo, afya, hata kuweka akiba benki ya posta, na maelezo ya Kiswahili yalitolewa kando, kwa santuri au kwa mtu aliyeshika kipaza sauti. Wakubwa wa enzi hizo waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda mbio, na kwamba lolote aonalo kwenye kitambaa huliamini.

Vibanda vya video vya Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam, vimelikanusha hilo kwa miaka mingi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, hivyo mkanda wa VHS ndio uliowapelekea watu wa Tandika na Manzese picha za Hong Kong, India na Marekani. Kwenye kibanda umiza, benchi gumu na joto kali, hakuna anayenyamaza. Stelingi, yaani shujaa wa picha, anaonywa kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Adui anatukanwa, na akichapwa watu wanasimama. Wote wanajua fika kuwa hawasikiki. Wanasema kwa sababu wako pamoja, na mkanda walioulipia ni wao.

Katika kelele hiyo ndipo alipostawi Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala. Alikishika kile kipaza sauti cha zamani, lakini si kwa ajili ya kufundisha. Aliishusha sauti ya filamu, akasimulia kwa Kiswahili cha mtaani, akaongeza mambo ambayo mwandishi wa filamu hakuwahi kuyafikiria. Kwangu huyu ni msanii kamili, wala si mkalimani tu. Mtu wa benchi aliyemsikiliza alisikia mwenzake, mtu anayeishangaa picha kama yeye, ila mwenye maneno mengi zaidi.

Bongo muvi, filamu za Kitanzania, zilipokuja, nyingine zikifuata njia ya filamu ya Girlfriend ya 2003, ukaribu huo ukapata sura za nyumbani. Steven Kanumba, nyota wa filamu hizo, alifariki Sinza tarehe 7 Aprili 2012. Siku tatu baadaye umati ulifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwemo, kisha Kanumba akazikwa makaburi ya Kinondoni. Wapo waliosema watu wale walichanganya filamu na maisha. Nakataa. Walikuwa wamemwona sebuleni kwao kwa miaka, wakabishana naye, wakamlilia kama jirani.

Leo picha za Kikorea na Kituruki zinauzwa kwenye flashi, na mteja wa Mbagala, kabla hajauliza stelingi ni nani, anauliza imetafsiriwa na DJ gani, msimulizi wa leo aliyefuata njia ya Lufufu.