Uchawi Kiasi Gani?

Kila mtu anayetunga mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa kukaa mezani na kurusha dadu, hukutana na swali moja mapema sana: dunia yetu itakuwa na uchawi kiasi gani? Ukizidi, hakuna kinachotisha tena, maana kila shida inamalizwa kwa mpira wa moto. Ukipungua, wenzako wanakuuliza mbona msicheze tu karata.

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka wa 1974, walijibu kwa hesabu. Mchawi wao hukariri maneno yake ya uchawi, na akishayatumia yanafutika kichwani hadi ayakariri upya. Wazo hilo walilitoa kwa Jack Vance, mwandishi wa hadithi za kubuni. Ni kama bando: likiisha, unangoja kesho.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na siku hizi naandikia huku Migwani, Kitui. Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unatoka Kitui, utani unaujua: "Usituroge, bana." Niliposema natunga mchezo wa Ukambani ya zamani, marafiki walitaka uchawi umwagike kila pahali. Nikaanza kusoma historia, nikakuta kwamba wazee wetu walijali zaidi swali lingine: nani anashika nguvu hizi, na nani anamzuia?

Kikamba kinatenganisha watu wawili ambao wakoloni waliwachanganya. Mundu mue ni mganga: anapiga ramli, anatibu, analipwa, na kila mtu anajua kwake. Muoi anadhuru watu kwa siri. Halafu kuna kithitu, kifaa cha kiapo kilichoogopwa kuliko vyote. Ukiapa uongo juu yake, iliaminika kwamba kifo kingekufuata wewe na hata jamaa zako. Mtu mwenye kesi ya ng'ombe au deni angefikiria mara mbili kabla ya kukikaribia. Kithitu kilifanya kazi kubwa zaidi pale ambapo watu walikiogopa na kukikwepa.

Na muoi je? Kulikuwa na king'ole. Wazee wangeweza kuamua kwamba mtu anayesemekana kuua kwa uchawi auawe, lakini jamaa zake wa karibu walipaswa kukubali kwanza. Ni sheria ya kutisha, sitaipamba. Ila ilikuwa na breki.

Serikali ya kikoloni ikaja na breki zake. Sheria ya Uchawi ya 1925 iliharamisha kujifanya mwenye nguvu za uchawi, na pia kumshutumu mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa unampelekea mashtaka hayo chifu, polisi au afisa wa serikali. Lakini ungethibitishaje mahakamani kitu ambacho mahakama haiamini kipo?

Mwaka wa 1932, wanaume 70 wa Kikamba walishtakiwa kwa kumuua mwanamke aliyeitwa Mwaiki. Kumwaka wa Mulumbi alidai Mwaiki amemroga mke wake. Walimpiga kwa fimbo hadi akafa. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa. Kesi ikazua mjadala mpaka Uingereza, na mwishowe hukumu zikapunguzwa kuwa vifungo. Magazeti yalibishana kuhusu haki ya hao 60. Mwaiki mwenyewe alibaki jina tu kwenye faili.

Ndiyo maana siwezi kuumwaga uchawi mezani kama chumvi. Hapa kwetu, neno moja la "huyo ni mchawi" limewahi kutosha kumuua mtu, na Kisii na Kilifi wazee bado wanauawa kwa neno hilo hilo.

Basi mchezo wangu una kithitu kimoja tu, na hakuna mpira wa moto. Mundu mue anaweza kutibu, kwa malipo. Mchezaji ana ruhusa ya kumshutumu yeyote kijijini kuwa ni muoi, na wanakijiji wataitikia. Lakini dadu hazitamwambia kamwe kama ni kweli. Hata mimi msimulizi sijaandika jibu popote. Atakachojua ni jina la aliyekufa, na kesho yake kijiji kitaamka kama kawaida, watoto wake wakiwemo.