Mchakamchaka na Jembe: Furaha ya Viungo katika Nyanda za Njombe

Tunapoutaja utamaduni wa Taifa, aghalabu mawazo yetu huelekea kwenye ngoma, lugha, uchongaji na hadithi za wazee. Ni mara chache tunapofikiri juu ya namna watu wanavyotembea, wanavyoinama shambani au wanavyokimbia alfajiri. Walakini mwili wa binadamu nao una historia yake, na historia hiyo haikuandikwa na waganga peke yao. Katika insha hii tumechagua kuichungua katika Njombe na Makambako, kwa sababu huko twaweza kuona waziwazi jinsi zoezi lile lile la viungo linavyoweza kuwa furaha kwa mtu, au kuwa mzigo, kwa kutegemea ni nani aliyeliamuru.

Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni hadi Agosti baridi yake husemwa hata na wale wasiopata kufika huko. Kutoka mjini hadi Makambako, zinapokutana barabara za Iringa, Mbeya na Songea, ni mwendo wa kilometa 60 hivi, kwa njia ya vilima na mabonde. Mwenyeji wa nchi ya namna hiyo hakuhitaji kufundishwa mazoezi. Kulima matuta mlimani, kushuka bondeni kwenye vinyungu wakati wa kiangazi na kupanda tena na mzigo kichwani, hayo yote yalikuwa mazoezi tosha. Kazi kubwa zilifanywa kwa ujima: majirani walikusanyika katika shamba la mmoja wao, majembe yakapanda na kushuka kwa kufuata wimbo, na jioni ulanzi ukanywewa. Wimbo haukuwa pambo la kazi. Ndio uliowaweka wenye nguvu na wanyonge katika mwendo mmoja, hata hapana aliyeachwa nyuma akaona haya.

Tusipake hali hiyo rangi ya dhahabu. Mwanamke aliyechota maji mbali na kubeba kuni akiwa na mtoto mgongoni hakuwa akifanya mazoezi kwa ajili ya raha yake, na sehemu kubwa ya uzito wa maisha hayo ilikuwa juu ya kichwa chake. Tunalosema ni kwamba pale watu walipokusanyika kwa hiari, kazi ngumu ilipata ladha.

Ukoloni uliiondoa ladha hiyo. Wilaya ya Njombe ikawa mojawapo ya mahali ambapo mashamba makubwa yalichukua watu wa kazi. Kodi iliwalazimisha vijana wa Kibena na Kikinga kwenda mbali kutafuta fedha, wengi wakaishia katika mikonge ya Tanga na Morogoro. Katika miaka ya mwanzo walikwenda kwa miguu, siku nyingi njiani. Baadaye, hasa baada ya wenye mashamba ya mkonge kuunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, mwaka 1944, walipakiwa katika magari. Wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake. Hapo miguu ilitembea na mikono ilikata mkonge, lakini mwili haukuwa tena wa mwenyewe.

Katika zama hizo hizo lilifanyika jaribio moja linalostahili kuangaliwa na kila mwalimu. Mwaka 1928 Serikali ya Kiingereza ilifungua shule huko Malangali, si mbali sana na Makambako, na mkuu wake, W. B. Mumford, aliamua kuwa shule ifuate mila za wenyeji. Wanafunzi walicheza ngoma za makabila yao na kutupa mikuki, na wazee waliwekwa shuleni ili wawaongoze vijana katika desturi. Mumford aliyaeleza mawazo yake katika jarida la Uingereza la mambo ya Afrika mwaka 1930. Kwa mtazamo wa haraka jambo hilo lapendeza: hapa palikuwa na mzungu aliyeheshimu ngoma zetu wakati wenzake wengi walizidharau. Lakini tuulize, ngoma hiyo ilichezwa kwa shabaha gani? Utawala ule uliongoza watu kwa kupitia makabila yao, na kijana aliyelelewa ndani ya kabila tu alikuwa rahisi kutawaliwa. Zaidi ya hayo, mtoto hakuacha kwao na kwenda shuleni ili akafundishwe kutupa mkuki. Hilo lingefundishwa na baba yake bila kengele wala daftari. Haishangazi kwamba mpango huo haukudumu. Ngoma iliyotiwa katika ratiba ya mtawala ilikwisha kupoteza roho yake.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Alisikitika kwamba wasomi wengi waliweza kucheza dansi za Ulaya ilhali hawakujua za kwao, na miongoni mwa ngoma alizozitaja ni kiduo, jina lisilo geni katika nyanda hizi. Mwaka uliofuata, Julai 1963, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Michezo la Taifa. Kambi ya JKT ya Mafinga, iliyo katika barabara ya Iringa na Makambako, iliwapokea vijana kutoka kila pembe ya nchi. Huko, kama katika kambi nyingine na katika shule zetu, siku ilianza kwa mchakamchaka.

Neno lenyewe lasikika kama nyayo nyingi zinazogusa changarawe kwa pamoja. Kiongozi hukimbia pembeni akitoa wimbo, na kundi humjibu. Mguu hushuka penye mkazo wa neno. Wenye kulidharau zoezi hili kuwa ni la kijeshi tu hawajalichungua. Aimbaye hawezi kukimbia kupita kiasi cha pumzi zake. Kwa hiyo wimbo wenyewe ndio unaopima mwendo, wala saa haihitajiki. Mwenye mbio hupunguza, mzito hujikaza, na wote hurudi pamoja. Je, si lile jembe la ujima limerudi, ila safari hii bila mpini? Nyimbo nazo zilibeba habari za wakati wake: zilimsifu kiongozi, zikamkejeli adui, na wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mtoto wa shule aliijua siasa kwa njia ya miguu kabla hajaisoma kitabuni.

Hata hivyo, ziko shule zilizoligeuza zoezi hilo kuwa adhabu. Aliyechelewa alichapwa au aliongezewa mizunguko, na mtoto asiye na viatu alikanyaga umande wa Julai huku meno yakigongana. Mtu aliyejifunza kukimbia kwa kuiogopa fimbo huacha kukimbia siku anapomaliza shule. Twaona kuwa hasara hiyo ni kubwa kuliko manufaa yote ya nidhamu.

Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kinga ya maradhi. Katika kipindi hicho hicho Reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walirudi kutoka Moscow kila mmoja na medali ya fedha.

Baadaye mambo yalilegea. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa 2013. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Katika mkoa mpya wa Njombe, uliozaliwa 2012, timu ya Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na mashabiki walijaa uwanjani. Lakini kushangilia si kukimbia. Pikipiki sasa humfikisha mtu mlangoni pake, jambo ambalo mama mjamzito wa kijijini hawezi kulilalamikia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kwa siku. Mtoto wa Njombe wa zamani alizitimiza kabla ya kufika darasani.

Nyimbo nyingi za mchakamchaka hazikupata kuandikwa. Zimo vichwani mwa watu waliosoma katika miaka ya 1970 na 1980, ambao wengi wao wangali hai, wanalima viazi, wanauza dukani Makambako, na ukiwaomba waimbe, kwanza hucheka, kisha mguu mmoja huanza kupiga chini.