Stata ya gari

Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini ya gari hadi injini ianze kujiendesha yenyewe. Hupata umeme kutoka kwenye betri pale dereva anapogeuza ufunguo au kubonyeza kitufe cha kuwashia. Stata ikiharibika, mwenye gari huwa na njia tatu za kuibadilisha: kununua mpya, kununua iliyotumika (mtumba), au kufunga iliyokarabatiwa. Njia hizo hutofautiana kwa bei, kwa uhakika wa kudumu na kwa muda ambao gari hulala gereji. Tofauti hizo zina uzito zaidi katika miji iliyo mbali na masoko makubwa ya spea, kama vile Manyoni katika mkoa wa Singida, Tanzania.

Historia

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Kazi hiyo ilihitaji nguvu, na hendeli iliporudi nyuma ghafla iliweza kuvunja mkono. Mhandisi Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kifaa ambacho mafundi hukiita bendeksi kimepata jina kutoka kwa Mmarekani mwingine, Vincent Bendix.

Sehemu na utendaji

Stata ina sehemu kuu zifuatazo:
- armecha, yaani sehemu inayozunguka, yenye nyaya za shaba;
- kaboni, zinazopitisha umeme kwenda kwenye armecha;
- solenoidi, inayofunga mkondo mkubwa wa umeme na kusukuma bendeksi mbele;
- bendeksi, yenye gia ndogo inayoshika meno ya fraiwili ya injini;
- bushi au beringi zinazobeba shafti.

Injini ikishawaka, bendeksi hurudi nyuma ili stata isizungushwe na injini. Magari madogo hutumia umeme wa volti 12, na malori na mabasi mengi makubwa hutumia volti 24. Injini ya dizeli hukandamiza hewa kwa nguvu zaidi kuliko ya petroli, hivyo huhitaji stata yenye nguvu zaidi.

Kutambua ubovu

Si kila gari lisilowaka lina stata mbovu. Betri iliyochoka, terminali zenye kutu na waya wa ethi uliolegea huleta dalili zilezile. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji huwa na takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kuwasha, inafaa kupimwa kwanza. Taa zikififia sana, mara nyingi tatizo ni betri au viungo vyake. Taa zikibaki na mwanga huku ukisikika mlio mmoja tu wa "ta", shaka huelekea kwenye solenoidi au kaboni. Stata ikizunguka bila kuzungusha injini, kwa kawaida bendeksi imeisha au meno ya fraiwili yamelika.

Stata mpya

Stata mpya haijachakaa popote, na mara nyingi huuzwa ikiwa na dhamana. Hata hivyo neno "mpya" hujumuisha bidhaa za aina tatu: zile za mtengenezaji wa gari, za viwanda vingine vinavyotumia jina lao wenyewe, na bidhaa feki zenye nembo ya kuigiza. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mnunuzi hujilinda kwa kulinganisha namba ya spea na ile ya stata ya zamani, na kwa kudai risiti.

Stata iliyotumika

Magari mengi ya Afrika Mashariki huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na spea zake za mtumba huuzwa katika maeneo kama Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Stata ya mtumba inaweza kuwa imara kwa kuwa ni ya kiwandani, lakini muda iliotumika haujulikani. Muuzaji akiijaribu kwa betri mezani, jaribio hilo linaonyesha tu kwamba inazunguka. Halionyeshi kama itaweza kuzungusha injini. Kwa hiyo hukaguliwa pia meno ya gia, mchezo wa shafti, urefu wa kaboni na harufu ya kuungua.

Stata iliyokarabatiwa

Katika Ulaya na Marekani stata nyingi hukarabatiwa viwandani, na mnunuzi hurudishiwa amana akileta ile ya zamani. Tanzania, kwa kawaida anayekarabati ni fundi umeme wa magari, na stata ni ileile ya mwenye gari. Faida yake ni kwamba itaingia bila shida. Ubora hutegemea kazi iliyofanyika: kubadilisha kaboni pekee si sawa na kubadilisha pia bushi, bendeksi na sahani za solenoidi. Armecha iliyoungua inaweza kusukwa upya, lakini kazi hiyo huhitaji fundi mzoefu.

Mazingira ya Manyoni

Manyoni iko kwenye barabara kuu ya Dodoma–Singida, inayotumiwa na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Barabara ya Itigi hadi Tabora huanzia hapo. Dodoma iko umbali wa takriban kilomita 120, na Dar es Salaam zaidi ya kilomita 500. Hali ya hewa ni ya nusu ukame, na vumbi linalochanganyika na grisi huweza kunatisha bendeksi.

Kwa umbali huo, dhamana ya duka la Dar es Salaam ina gharama zake: nauli au usafirishaji, na siku ambazo gari halifanyi kazi. Spea ya bei ndogo isiyoingia, au inayokufa baada ya wiki chache, inaweza kugharimu kuliko ya bei kubwa. Aidha, magari mengi yenye gia za otomatiki hayawashiki kwa kusukumwa, hivyo stata ikifa njiani gari hubaki hapo.

Kuchagua

- Kaboni, bushi au solenoidi zikiisha na armecha ikiwa nzima, kukarabati stata iliyopo kwa kawaida ndiko nafuu.
- Armecha ikiungua au kava likipasuka, hulinganishwa bei ya mpya na ya mtumba.
- Kwa basi, lori au gari la wagonjwa, uhakika hutangulia bei.
- Kwa kila njia, hulinganishwa volti, idadi ya meno, matundu ya bolti na aina ya gia za gari.

Usalama

Waya mkubwa wa stata huwa na umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kabla ya kufungua stata, terminali hasi ya betri huondolewa kwanza. Kupiga shoti stata kwa bisibisi wakati gari liko kwenye gia kunaweza kulifanya liondoke na kumgonga aliye mbele au chini yake.