Kimiminika cha Ioni Tupu

Rasimu yangu ilirudishwa na fundi wa tope la kuchorongea. Nilikuwa nimemtumia tafsiri inayohusu kemikali mpya za visima vya mafuta, na mahali fulani nikaandika "chumvi iliyoyeyuka". Akanipigia simu. "Mwalimu, imeyeyuka kwenye maji kiasi gani?" Nikamwambia hakuna maji hata tone. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo hujaliandika."

Alisema kweli. Barafu huyeyuka juani na sukari huyeyuka kwenye chai. Kitenzi ni kimoja, mambo ni mawili. Jikoni hakuna anayepotea. Kisimani, ambako maji ya chumvi hupanda pamoja na mafuta, na chumvi ya potasiamu humiminwa kwenye tope kwa magunia, "chumvi iliyoyeyuka" ina maana moja tu, nayo siyo niliyoikusudia.

Nilichokusudia ni hiki. Weka chumvi ya mezani kwenye kikaango kikavu juu ya makaa. Itaalika, itarukaruka, lakini haitakuwa uji, kwa sababu inahitaji nyuzi 801 za Selsiasi. Ioni zake za sodiamu na kloridi ni ndogo, za mviringo, zimepangana kama matofali na kushikana kwa chaji zinazovutana. Sasa badala ya sodiamu tia ioni kubwa, isiyolingana pande zake, yenye mkia wa kaboni. Jaribu kupanga viazi vikuu kama unavyopanga matofali: ukuta hausimami. Ioni zinakosa mpangilio, na chumvi inabaki majimaji katika joto la kawaida la chumbani. Mwaka 1914 Paul Walden, mkemia mzaliwa wa Latvia, alieleza chumvi ya namna hiyo, nitrati ya ethilamoni, inayoyeyuka kwa nyuzi 12 tu. Siku hizi wakemia wameweka mpaka kwenye nyuzi 100: chumvi inayokuwa majimaji chini ya hapo inaingia katika kundi hili.

Kundi hili linahitaji jina la Kiswahili. Shuleni Tanzania mtoto hujifunza yabisi, kimiminika na gesi, kwa hiyo kimiminika tunacho. Wengi wakiishia kwenye "kimiminika cha ioni", naona bado pana mwanya: maji ya bahari nayo ni kimiminika, na yamejaa ioni. Neno linalouziba ni dogo na ni letu: tupu. Ukisema wali mtupu, kila mtu anajua hakuna mchuzi. Kimiminika cha ioni tupu ni ioni bila maji, bila spiriti, bila kiyeyushi chochote.

Utupu huo ndio unaokipa kazi. Gesi asilia ya sehemu nyingine hutoka ardhini na zebaki, na zebaki hula aluminiamu. Mwaka 1973 iliharibu mitambo ya kupozea gesi huko Skikda, Algeria. Petronas ya Malaysia na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walitengeneza kimiminika cha ioni tupu chenye shaba na klorini, wakakinywesha kwenye punje za silika zenye vitundu. Gesi inapita katikati ya punje. Shaba inanyang'anya zebaki elektroni, na zebaki iliyogeuka ioni inabaki humo humo. Kwa kuwa kimiminika hiki karibu hakitoi mvuke kabisa, gesi haiondoki nacho. Mwaka 2011 kilikuwa tayari kinafanya kazi kwenye mitambo ya gesi ya Malaysia. Naupenda mfano huu kuliko yote, maana ulitoka maabara ukafika kazini.

Sifa hiyo ya kutotoa mvuke imewafanya baadhi ya waandishi wakiite salama kwa mazingira. Nawasihi watafsiri wenzangu wasikimbilie hapo. Baadhi ya vimiminika hivi ni sumu kwa viumbe vya majini, na vile vyenye heksaflorofosfeti vikikutana na maji huweza kutoa asidi ya floridi, ambayo hula hata kioo.

Kwenye tope lenyewe mambo yanageuka. Mwamba wa mfinyanzi hunywa maji, huvimba, humomonyoka na kubana bomba la kuchorongea. Potasiamu huzuia uvimbe huo kwa kukaa kati ya matabaka ya mfinyanzi, yenye chaji hasi; watafiti wamejaribu ioni zenye mkia zishike nafasi hiyo na kuyafukuza maji mbali zaidi. Lakini hutiwa kidogo, ndani ya tope la maji. Punde tu zinapochanganyika, kile kilichokuwa kwenye pipa hakipo tena: sasa ni chumvi iliyoyeyuka majini, kama alivyofikiri fundi wangu tangu mwanzo.

Kwa hiyo rasimu ya pili niliiandika hivi: kwenye lebo ya pipa, kimiminika cha ioni tupu, wingi wake, vimiminika vya ioni tupu. Kwenye jedwali la tope, jina la chumvi yenyewe na gramu zake kwa kila lita. Fundi hakupiga simu tena. Alituma ujumbe akiuliza gramu ngapi.