Ruhusa Hafifu za Mafaili Zinavyodhoofisha Programu za Ulinzi wa Kompyuta

Programu ya kupambana na virusi hufanya kazi ikiwa na mamlaka makubwa kuliko ya mtumiaji wa kawaida wa kompyuta. Katika mfumo endeshi wa Windows, huduma zake kwa kawaida huendeshwa kwa akaunti ya SYSTEM, yenye uwezo wa kusoma, kubadili au kufuta karibu kila faili. Kwa sababu hiyo, usalama wa kompyuta nzima hutegemea pia namna mafaili ya programu hiyo yalivyolindwa.

Kila faili huambatana na orodha ya ruhusa inayoeleza nani anaweza kulisoma, kuliendesha au kulibadilisha. Folda ya Program Files kwa kawaida humruhusu mtumiaji wa kawaida kusoma na kuendesha tu. Mabadiliko hufanywa na msimamizi wa kompyuta. Hatari huanza pale programu inaposakinishwa na kuwapa watumiaji wote mamlaka kamili juu ya folda yake. Mtu mwenye akaunti ya kawaida anaweza kuliondoa faili la huduma na kuweka lake kwa jina lilelile. Kompyuta inapowashwa upya, faili hilo ovu huendeshwa kwa mamlaka ya SYSTEM.

Kasoro ya aina hiyo ilibainika mwaka 2006 katika Panda Platinum Internet Security. Mwaka uliofuata, kasoro inayofanana nayo iliripotiwa katika Panda Antivirus 2008 na kuorodheshwa kwa namba CVE-2007-4191. Miongoni mwa mafaili yaliyohusika ni PAVSRV51.EXE.

Mshambuliaji hawezi kutumia kasoro hii bila kwanza kuingia katika kompyuta husika. Hivyo, zilizo hatarini zaidi ni kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, kama vile za ofisi, shule na maktaba.

Watumiaji wanashauriwa kusakinisha masasisho ya programu za ulinzi mara yanapotolewa na kutumia akaunti isiyo ya msimamizi kwa shughuli za kila siku. Wasimamizi wanaweza kukagua folda ya programu kwa amri ya icacls: herufi F au M mbele ya jina Everyone au Users ni dalili kwamba ruhusa zimelegezwa. Kasoro ikibainika, msimamizi arekebishe ruhusa hizo au aweke toleo lililosahihishwa, badala ya kuiacha kompyuta bila kinga.