Wanandoa Waliozifuata Theluji kwa Njia ya Ziwa

Februari 28, 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki ya ndege zilizobeba barua kutoka Croydon, London. Kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza, mji wa ziwani. Barua zilibadilishiwa ndege njiani, na kutoka Khartoum zilibebwa na ndege za Short Calcutta, ambazo hazikuhitaji uwanja, kwani zilitua majini. Mwaka 1932 njia iliporefushwa hadi Cape Town, ilipitishwa Kisumu, Nairobi, Moshi na Dodoma. Mwanza ikaachwa kando, na Moshi, iliyo chini ya Kilimanjaro, ikapata zamu yake.

Funzo lilikuwa limeshapatikana: katika nchi yenye barabara chache na maziwa mengi, maji ndiyo uwanja. Waliolitumia vizuri kuliko wengi ni Martin na Osa Johnson, wanandoa wa Kansas, Marekani, waliofunga ndoa mwaka 1910 na kuanza kupiga filamu Afrika Mashariki mwaka 1921. Miaka ya malori iliwafundisha matope ya masika. Mwaka 1933 wakaja na ndege mbili za Sikorsky, zilizoweza kutua ardhini na majini. Zilishushwa kutoka melini Cape Town, zikarushwa hadi Nairobi.

Ndogo ilipakwa madoa ya twiga. Kubwa, Osa's Ark, ilipakwa milia ya pundamilia, na ndani ilikuwa na vitanda, jiko na mahali pa kunawia. Kile ambacho watalii wa leo hukifanya kwa gari la kulala, yaani kusimama panapowapendeza, kupika na kujilaza, wao walikifanya kwa mabawa. Walipita karibu na Kilimanjaro (mita 5,895) na Mlima Kenya (mita 5,199), kamera ikiwa wazi. Hawakuwa wa kwanza Kilimanjaro: Mswisi Walter Mittelholzer aliipiga picha kutoka angani mwaka 1930. Lakini filamu yao, Baboona, ya mwaka 1935, iliwaonyesha watazamaji wa sinema kwao sura ya Afrika kutoka juu.

Sifa zao zina upungufu. Safari iliyojulikana kwa majina ya watu wawili ilikuwa na marubani, Boris Sergievsky na Vern Carstens, fundi wa sauti, na Waafrika waliopika, waliobeba na waliolinda kambi. Hao wa mwisho, filamu za Johnson mara nyingi ziliwafanya kichekesho. Martin alifariki Januari 1937 baada ya ajali ya ndege California. Osa alifariki 1953.

Leo anayetoka Mwanza kwa gari ana njia mbili za kwenda Moshi: lango la Ndabaka na kukata Serengeti, au lami ya Shinyanga, Singida na Babati kwa asiyetaka kulipa ada za hifadhi. Anayetaka theluji za Rwenzori, Uganda, huanzia magharibi, na tangu Juni 2025 halazimiki kusubiri kivuko Kigongo: daraja la takriban kilomita 3 linamfikisha Busisi, ng'ambo ya maji.

Njia zimenyooka, ila theluji inayofuatwa inapungua. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu yake na ya Mlima Kenya huenda ikaisha ifikapo 2050. Picha za akina Johnson, zilizopigwa kwa burudani, sasa ni ushahidi.