Mtoto wa jirani akisema "nimeshiba"

Leo tuiache siasa kidogo, tuongelee chakula cha usiku. Tena si cha sisi wakubwa, ni cha watoto, siku ile mtoto wa nyumba anapokuja na marafiki zake watatu na wote wamekaa mkekani wanasubiri.

Anayeishi uswahilini kama huku Tandale anaijua hiyo shughuli. Mmoja hali dagaa. Wa pili anachambua vitunguu kimoja kimoja anaviweka pembeni. Wa tatu anataka wali, eti ugali kala mchana kwao. Wa nne, mkimya kuliko wote, ukimkaribisha anasema "nimeshiba". Mama mwenye nyumba anaguna: watoto wa siku hizi bwana! Sisi zamani tulikula tulichopewa.

Sasa mimi nikisikia neno "zamani" huwa nauliza, zamani ipi? Ni ugonjwa wa kazi yetu hii ya uandishi. Nimesoma kidogo, nimeuliza wazee kidogo, na ninachokiona ni kwamba watoto wote hao wana historia nyuma yao. Hasa huyo wa nne.

Tuanze na ugali wenyewe. Tandale kuna soko la nafaka ambalo jiji zima linalijua. Malori ya mahindi na mchele kutoka mikoani yanashusha hapo, na ukipita unatoka umepakaa vumbi la unga. Unaweza kudhani tumezaliwa na ugali wa mahindi. Hapana. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuja, yaani baada ya Vasco da Gama kupita mwaka 1498. Muhogo nao vilevile. Kabla ya hapo mababu zetu walisonga mtama, uwele na ulezi, na watu wa ndizi walikula ndizi zao.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani hii mwaka 1331. Ameandika jinsi alivyokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, halafu pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu na pilipili. Mombasa akakuta watu wanakula ndizi na samaki. Ugali wa mahindi haumo mahali popote!

Kwa hiyo mtoto anayetaka wali akiwa mgeni hajabuni kitu. Wali kuwa chakula cha kumpa mgeni ni jambo la karne nyingi hapa pwani. Ndiyo maana tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wanaopona kwanza ni watoto wa nyumba, wanaojua kabisa kwamba akija mtu leo kuna kuku.

Mkoloni naye akaongeza lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia chakula kiligawiwa kwa kufuata rangi ya mtu. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa mahindi, mchele ukaelekezwa zaidi kwa Wahindi na Waarabu. Chakula unachonyimwa kwa sababu ya rangi yako hakiwezi kuwa chakula tu tena. Kinakuwa heshima. Usishangae basi kwamba mpaka leo kuna nyumba ambayo mgeni akiwekewa ugali, mama anaomba radhi kwanza.

Haya, uhuru ukaja. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vikataifishwa, na jiji likawa linakula unga wa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC kwa wale wa zamani. Sembe nyeupe pee! Jiji likaizoea, na dona ikawa ya watu wa shamba.

Halafu ukaja ukame wa 1973 hadi 1975, nchi ikalazimika kuagiza nafaka nje kwa wingi. Mwaka 1975 redioni kukawa na kampeni ya "Chakula ni Uhai". Ikafuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, ukame ukarudi, na miaka ya mwanzo ya themanini ikawa ile ambayo wazazi wetu wakiisimulia wanashusha sauti. Hapo ndipo mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani yalipopata umaarufu. Watu wakaubatiza unga wake "yanga", kwa rangi ya jezi. Wengi hawakuupenda, si rangi, si ladha. Lakini uliliwa, na mashabiki wa Simba waliula vilevile. Njaa haina timu.

Kwa hiyo ile "zamani tulikula tulichopewa" si hadithi ya watoto wenye adabu kuliko hawa wa leo. Ni hadithi ya watoto ambao hawakuwa na cha kuchagua. Unga ulikuwa wa foleni, sukari ya mgao, na balozi wa nyumba kumi alijua nani kapata nini. Mwaka 1983 walanguzi wakasakwa nchi nzima, na bado sufuria hazikujaa. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa, bei ikapaa. Mtafiti Aili Mari Tripp alifanya utafiti Manzese, hapa hapa jirani na sisi, na Buguruni mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Alikuta mshahara peke yake umeshindwa kulisha familia. Nyumba zilisimama kwa maandazi, vitumbua na biashara ndogondogo nyingine za akina mama.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa nne. Wazee niliowauliza hapa mtaani wanasema wao walifundishwa maneno yale yale: usizubae kwa watu saa za kula, na ukikaribishwa sema nimeshiba. Si kwamba jirani alikuwa mchoyo. Unga ulipimwa kwa kibaba, na kila mzazi alijua kwamba tonge la mwanawe limetoka kwenye hesabu ya mtu mwingine. Kukataa ilikuwa ndiyo heshima. Lugha yetu yenyewe ina jibu tayari: ukikuta watu wanakula wanakwambia "karibu", nawe unajibu "starehe", unapita. Hakuna aliyeaibika.

Ubaya ni kwamba neno hilo limeishi kuliko foleni zenyewe. Mwalimu katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962 alitukumbusha methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto wa miaka saba jembe hana. Kilichobaki kwake ni kusema ameshiba, na nyumba nyingine anasema hivyo akiwa hajala tangu asubuhi. Anayechambua vitunguu ana uhakika wa kesho, ndiyo maana anachambua. Wa kumwangalia usiku huo ni yule asiyechagua chochote.

Kuna na wa kundi jingine. Dar imekusanya makabila na dini zote kwenye uwanja mmoja, na mtoto anaweza kukataa nyama kwa sababu hajui imechinjwa na nani, au kwao samaki haliwi, au kwao mtoto hapewi yai. Hilo si deko. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa hapa Dar, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kinachoingia kwenye sahani ni jambo dogo. Mama anayemuuliza mtoto wa jirani kimya kimya "kwenu hiki mnakula?" analinda ujirani wa mtaa mzima.

Halafu wapo wa baada ya Mzee Ruksa. Milango ya biashara ilipofunguliwa tukapata mitumba, na kona zikajaa vibanda vya chipsi. Mtoto wa leo amekula kiepe njiani kwa hela ya shule, ukimwekea ugali na mchicha anakutazama kama umemkosea. Huyo naye ni historia. Ni wa kwanza katika ukoo wake ambaye akikataa chakula cha nyumbani kuna kingine barabarani. Kumchapa hakusaidii.

Tufanye nini basi? Dawa ya zamani ninayoiamini ni sinia. Watoto wote wanawe, wakae duara, chakula kiwe kimoja katikati, mboga ipite kwa kila mmoja, nyama igawiwe na mkubwa mwishoni. Anayedeka akimuona mwenzake anamega, naye anamega. Vitunguu vinapotea hivi hivi. Na yule mkimya hajaulizwa kama ana njaa mbele ya watu. Ameambiwa tu "njoo unawe". Swali la "utakula?" ndilo linalomlazimisha kusema uongo wa adabu aliofundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na bibi kwenye foleni ya unga.

Ninachoogopa ni kwamba sinia linaondoka. Vyumba vya kupanga ni vidogo, unga unapanda, na mlango ukifungwa saa mbili usiku hakuna mtoto wa jirani wa kumkaribisha. Taifa zima, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sahani moja ya jirani haiondoi tatizo hilo. Lakini kwa mtoto mmoja, usiku mmoja, yaweza kuwa ndiyo chakula cha siku.

Wewe kwenu mlifundishwa kujibu nini mkikaribishwa? Na leo, mtoto akikwambia ameshiba, unamwamini?